Nani Alimufunga Macho?

Ninyi wa redio mliniomba niandike kuhusu kazi na niache vilio kando. Mlinichekesha. Pale redioni kwetu Likasi kazi yangu ilikuwa vilio. Hayo mengine niliyosoma, bei ya mahindi, mikutano ya wazazi, mbuzi aliyepotea Kikula, yalikuwa chumvi tu ya chakula. Kwa hiyo nitaandika ninachokijua. Asiyetaka habari za wafu na afunge hapa, akatafute za mpira.

Jina langu mnalijua, lakini karatasi hupotea njia, basi kwa asiyenijua: ni Zaina, binti wa dereva wa lori aliyetoka Kasongo na kuzeekea huku, na wa mama mwenye duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Sisi ni Waislamu. Wafu wengi niliowasoma walikuwa Wakatoliki wa viwandani na familia zao. Hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Siku ya kwanza nilifika na kitambaa kipya kichwani, nimekunywa chai ya tangawizi ili koo lilainike. Aliyenipokea ni Papa Célestin, msomaji wa komunike, yaani matangazo ya vifo, mtu mfupi, mkavu, wa misa ya asubuhi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Hakutaka kusikia sauti yangu. Alinitoa nje, akanikalisha kwenye benchi chini ya dirisha ambako wafiwa walileta matangazo yao, akaniambia nikae nao na nisiseme kitu. Nilikaa pale hadi tangawizi yangu ikaisha nguvu, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Nilidhani ananidharau.

Baadaye nilielewa. Mtu aliyefiwa kweli ana namna yake ya kukaa. Anakujibu swali ambalo hukumuuliza. Anasahau jina la marehemu lakini anakumbuka kwamba aliacha sufuria motoni. Papa Célestin alitaka nijue hayo kabla ya kugusa mikro, yaani kipaza sauti, kwa sababu alisema sauti nzuri isiyojua benchi ni filimbi tu.

Kila aliyefika dirishani aliulizwa jambo moja kabla ya yote: "Nani alimufunga macho?" Hakuulizwa ameambiwa na nani, wala hospitali gani. Aliyefunga macho angeweza kuwa muuguzi, mke, jirani, hata mpita njia wa barabara ya Kolwezi, mradi awe mtu mwenye jina na vidole. Kama jina hilo halikupatikana, komunike haikusomwa, hata ukoo mzima ukigaagaa pale uani. Likipatikana, lilisomwa hewani pamoja na la marehemu: "Aliyemfunga macho ni binti yake, Kabedi." Mji ulizoea mpaka ukageuza swali hilo kuwa msemo. Mtoto akisema shuleni kwamba mwalimu fulani amehamishwa, mwenzake alimrudishia: nani alimufunga macho? Yaani, nani ameona?

Kanuni ya pili ilikuwa ya ulimi. Nyumbani tunasema minye kwa mimi, weye kwa wewe, njo kwa ndiyo, kuyua kwa kujua, bongo kwa uongo, kama watu wote wa Katanga. Mbele ya mikro Papa Célestin alitaka Kiswahili cha kitabu. "Minye ibakie ku mulango pamoja na viatu," aliniambia, na kweli viatu tuliviacha mlangoni, maana sakafu ya studio ilikuwa ikilia. Kwa hiyo nilipomaliza kusoma nilifunga hivi kila siku: "Aliyewasomea ni mimi, Zaina." Mama yangu alikuwa akisikiliza dukani. Aliwaambia wateja kwamba huyo mimi Zaina hamjui, ila anaongea vizuri.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mikro tuliivika soksi ya sufu ili isiteme herufi ya p. Kabla ya vifo Papa Célestin aligonga kijiko kwenye kipande cha bomba la shaba kilichoning'inia kwa kamba, na mlio ule ulipotoka redioni watu wa sokoni waliacha kupatana bei. Halafu kulikuwa na kasete. Vifo vyote tulivirekodi kwanza, kwa kuwa umeme wa Likasi ulikuwa na desturi ya kuondoka katikati ya jina la mtu, na Papa Célestin alisema hakuna aibu kubwa kuliko kumkata marehemu vipande viwili. Kasete hizo hatukuzifuta. Zilijaa kabati lote, zikaanza kulala chini ya meza, sauti yangu na majina ya mji mzima.

Msidhani uongo ulizaliwa na mashini nitakayowaeleza baadaye. Siku moja alikuja bwana mwenye miwani myeusi, akitangaza kifo cha kaka yake, mkazi wa Panda. Papa Célestin akauliza nani alimfunga macho. Bwana akajibu haraka kwamba ni yeye mwenyewe. "Mukono gani?" akaulizwa. Yule bwana akaiangalia mikono yake yote miwili, kwanza huu, kisha ule, akainuka na kwenda zake. Marehemu, kumbe, alikuwa ni yeye. Alitaka mkewe wa Panda amlie na amalize, ili aoe mwingine Kambove kwa amani. Mkewe alikuwa Mama Véronique, jirani wa Papa Célestin, na Papa Célestin alikwenda mwenyewe jioni ile kumwambia kwamba mumewe ana afya njema. Nasikia hakufurahi, lakini alishukuru.

Nakumbuka kisa hicho kwa sababu kinaonyesha taabu aliyokuwa nayo mwongo wa zamani. Ilimbidi avae suruali, atembee hadi kwetu, akae kwenye benchi na atoe jasho mbele ya mtu anayemtazama. Ukichoka kumtazama, basi kosa ni lako.

Kanuni yetu ilikuwa na maumivu yake pia, na sitawaficha. Alikuja mama mmoja kutoka ziwa Tshangalele. Mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki, alivuka maji kwenda kununua, na mtumbwi ukarudi peke yake ukisukumwa na upepo, viatu vyake vimepangwa vizuri ndani. Vijiji vya kando ya ziwa vilimtafuta hadi vikakata tamaa. Mama yule aliomba tumsome ili aweze kulia na kunyoa nywele. Papa Célestin akauliza swali lake. Jina halikuwapo. "Mama, minye siwezi kumuua bwana yako," alimwambia kwa upole. "Maji njo inayua. Minye siyue." Badala ya kumsoma na wafu, tulimsomea maneno mapya mwishoni, baada ya wafu wote: "Tunamngoja fulani wa Tshangalele." Mama yule alirudi kila msimu wa mvua kuomba yasomwe tena. Alikuwa anaketi kwenye benchi anasikiliza jina likipita, kisha anaondoka bila kuaga. Mpaka leo sijui kama tulimtendea haki. Najua tu kwamba hatukumdanganya, na kuna siku hilo lilinipa usingizi na kuna siku halikunipa.

Papa Célestin alipostaafu hakutaka keki wala hotuba. Alinipa kile kijiko, akanishika bega, akasema: "Siku yangu, weye njo utanisoma. Usiachie muntu mwingine. Na usinikate katikati." Nikamwahidi. Kwa watu wa kazi yetu hiyo ni ahadi kubwa kuliko ya ndoa, kwani ukivunja ya ndoa waweza kuomba radhi.

Nikabaki na dirisha. Miaka ikapita, simu zikaingia mifukoni, na watu wakaanza kufika kwenye benchi wakiwa wameshalia, maana kifo kilikuwa kimewafikia kwa simu kabla ya kunifikia mimi. Wengine walikuja wakinionyesha picha ya maiti. Niliuliza swali langu vilevile. Vijana walicheka kidogo, kisha wakajibu.

Kisha ikaja ile mashini. Mkurugenzi alikuwa anawaza kustaafu kwangu, akaona si vizuri sauti iliyozoeleka ipotee. Nadège, fundi wetu wa sauti, mwanamke mwenye subira na masikio makali, alikuwa tayari amezihamisha kasete zote kwenye kompyuta, na vipindi vingi vya zamani vilishawekwa mtandaoni ili watoto wa Likasi walioko mbali wasikilize. Akaniita nione. Alisema ni akili bandia: unaisikilizisha sauti ya mtu, inaishika. Akaandika sentensi moja, akabonyeza. Sauti yangu ikasema, kwa utulivu wangu, na pumzi yangu ndogo kabla ya jina la mahali: "Mvua inanyesha Kakontwe."

Nje jua lilikuwa kali. Mnaweza kunicheka, lakini nilitoka kwenda kuangalia mbingu upande wa Kakontwe. Niliona vumbi la chokaa tu. Niliporudi nilimuuliza Nadège mashini inajuaje kama mvua inanyesha.

"Haiyue, mama," akasema. "Iko inapanga maneno yenye yanapendaka kufuatana. Kama ni kweli ao bongo, kwayo ni sawasawa."

Tulikubaliana wote, naye mkurugenzi akiwemo, kwamba mashini isome saa na matangazo ya sabuni, isiguse wafu. Na kwenye redio yetu haikuwagusa. Ninalisema hilo wazi kwa kuwa maneno mengi yamesemwa.

Asubuhi moja, nikiwa bado sijastaafu, nilikuwa nyumbani nachambua maharage pamoja na wifi yangu. Simu yake ikalia, akaifungua. Kwanza nikasikia kipande cha shaba. Mlio ule ule, na kutetemeka kwake mwishoni. Halafu nikajisikia mimi.

"Familia ya Papa Célestin, msomaji wa zamani wa redio yetu, inawatangazia kwa huzuni kubwa kifo chake. Kilio kiko nyumbani kwake, Panda. Aliyemfunga macho ni mimi, Zaina."

Wifi yangu aliinua macho akanitazama, na kwenye uso wake niliona ananionea huruma, kisha akaona maharage mapajani mwangu na uso ukabadilika. Nilitazama mikono yangu. Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile: kwa kitambo nilijiuliza kama nimesahau. Sauti ilikuwa na hakika kuliko mimi.

Baadaye Nadège alinieleza jinsi maneno yale ya mwisho yalivyoungana. Katika kasete zangu zote kulikuwa na "aliyemfunga macho ni" na kulikuwa na "aliyewasomea ni mimi, Zaina." Yeyote aliyeifundisha mashini ile kwa kasete zetu aliipa vipande viwili vinavyofanana, nayo ikavishona. Mtu wa hapa asingekosea hivyo. Mashini ilikosea, na kosa lake likanipa mimi kazi.

Nilikwenda Panda karibu nikikimbia. Uani kwa Papa Célestin akina mama walikuwa wameshaweka mikeka chini, wengine wakilia kwa sauti, na mlangoni alisimama mwenyewe, povu la sabuni kwenye kidevu, wembe mkononi. Alikuwa ananyoa ndevu. Waliokuwa karibu naye walikuwa wamenyamaza, wale wa nyuma bado hawajamwona na waliendelea kulia, hivyo kilio kilikuwa kinazimika polepole kutoka mbele kwenda nyuma.

"Kumbe leo njo siku yangu," aliniambia. "Na minye sikuyua."

Wengine walicheka, akina mama wakakunja mikeka. Binti yake Mado, aliyekuwa akiishi naye tangu mama yake afariki, hakucheka. Papa Célestin akaomba simu ya mmoja wao asikilize mwenyewe. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama alivyozoea kuzipima komunike zangu zamani, akaomba tena, na tena. Mwishowe alisema ni mimi kabisa, hata mahali pa kupumua. Akarudisha simu kwa mwenyewe.

"Hii sauti haikukalaka ku benchi," akasema, akarudi kumalizia ndevu.

Nani aliifanya? Nadège aliniomba nimtazame usoni akaniapia si yeye, nikamwamini, kwani nilikuwa na mazoezi ya kutazama nyuso. Kasete zilikuwa mtandaoni, alisema, na mashini ziko nyingi, mtu yeyote popote angeweza kuifanya, kwa mzaha au kwa kujaribu tu. Tulitafuta, hatukumpata. Hakukuwa na miwani myeusi ya kukumbuka, wala suruali, wala jasho. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba habari ile haikutoka kwa mtu ninayeweza kumnyooshea kidole.

Jioni ile nilikwenda hewani kukanusha. Nilisema Papa Célestin yu hai, nimemwona, anawasalimu, na nikafunga kama kawaida: aliyewasomea ni mimi, Zaina. Kabla sijavaa viatu vyangu simu za watu zilikuwa zimeshajibu. Nusu walishukuru. Nusu waliuliza ni ipi kati ya hizo mbili ya mashini. Mmoja aliandika kwamba ya kwanza ilikuwa na huzuni zaidi, kwa hiyo lazima ndiyo ya kweli. Sikuwa na sauti nyingine ya kujitetea nayo.

Papa Célestin aliendelea kuishi, lakini si kama zamani. Akipita sokoni wauzaji walishusha sauti. Watoto wa mtaani, waliokuwa wakimgombania kumbebea mfuko, wakawa wanamtazama kutoka nyuma ya ua. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi huku na huku, na Jumapili moja msomaji wa nia za misa akamtaja miongoni mwa marehemu, akajishtukia, akaomba radhi, wakati yeye amekaa pale safu ya tatu na kofia magotini. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wakisema lile neno la wahenga, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nililichukia neno hilo mwaka ule. Nilipomtembelea aliniambia, bila kulalamika, kwamba alikufa kidogo. "Ingine inabakia," akaongeza, akinionyesha kifua.

Nikastaafu. Kuhusu sherehe yangu sina la kusema, picha mnazo. Nilikirudisha kile kijiko kwenye kamba yake pembeni ya kipande cha shaba, nikavaa viatu.

Mvua zilipoanza, kifua cha Papa Célestin kikaziba. Daktari alikuja, akaondoka, akarudi, akamwambia Mado amweke karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nikienda kila siku baada ya sala ya adhuhuri, namsomea magazeti ya zamani kwa sababu alisema mapya hayana ladha. Alasiri moja Mado alitoka kwenda jikoni, nyuma ya nyumba, kumpashia uji. Tulibaki wawili. Alikuwa amelala, nikadhani amesinzia, kisha akafungua macho.

"Utanisoma?" akauliza.

Nikamjibu kwamba nitamsoma.

"Na batakuamini?"

Nilimwambia wataniamini. Sikuwa nikijua. Alinitazama kama alivyowatazama wafiwa dirishani, na nadhani aliona kwamba sijui, lakini hakuniuliza mkono gani. Akavuta pumzi, akaitoa, na nyingine haikuja. Macho yalibaki yamefunguka kuelekea dirishani. Jikoni nilisikia kijiko cha Mado kikikoroga uji.

Mkono wangu wa kuume ulikwenda wenyewe. Kope zilikuwa na joto, za kushoto zilikuwa ngumu kidogo kushuka. Na hapo ndipo nilipoikumbuka ile sentensi, na nikahisi kwamba ilikuwa imekaa mahali ikinisubiri tangu siku ya maharage, na mimi nimekuja kuitimiza. Nisingeweza kumwita Mado kwanza? Ningeweza. Lakini mkono ulikuwa umeshamaliza. Nililia basi, kwa rafiki yangu na kwa kuwa nilihisi nimetii kitu nisichokijua.

Kesho yake Nadège alinifungulia studio. Niliacha viatu mlangoni. Niligonga shaba, nikamsoma Papa Célestin taratibu, jina lake lote, ukoo wake, kazi yake, umeme ukaniheshimu na sikumkata katikati. Nikafika kwenye mstari wa mwisho na nikaona ninachokwenda kusema, na hapakuwa na neno lingine la kweli la kuweka mahali pake. "Aliyemfunga macho ni mimi, Zaina." Nadège, nyuma ya kioo, aliinamisha kichwa.

Hakuja mtu.

Sisemi walikuja wachache. Uani palikuwa na Mado, mimi, jamaa wawili waliofika kutoka Mulungwishi kwa kuwa Mado aliwapigia, na viti vya kukodi vilivyopangwa hadi barabarani, vitupu, matone ya mvua yakikaa juu yake. Wapita njia walitazama ndani, wakaona kilio kisicho na watu, wakatabasamu kwa wasiwasi wakaendelea. Kwenye simu ya Mado zilikuwa zinaingia jumbe: mashini imerudi, msidanganyike tena, mara ya kwanza tulipoteza nauli. Mmoja aliisifu, alisema safari hii imetengenezwa vizuri zaidi.

"Mama Zaina," Mado aliniuliza, "bantu beko wapi?"

Mtu aliyeutangazia mji huu wafu wake wote alikuwa amelala ndani peke yake, na mji ulikuwa unakaa nyumbani kwa sababu uliisikia sauti yangu. Nadège alijitolea kunirudisha hewani nieleze upya. Nilikataa. Ningeeleza kwa kitu gani? Kijiko mashini ilikuwa inakijua, shaba inaijua, hata pumzi yangu. Nikafunga kitambaa, nikatoka barabarani kwa miguu yangu, na mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Véronique.

Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Alifungua nusu ya mlango, akasimama hapo. Nyuma yake redio ilikuwa inatangaza saa, kwa sauti yangu. Alinitazama mimi, akaigeukia redio, akanitazama tena. Nilimwambia Papa Célestin ametutoka. Hakusogea. Akauliza lile ambalo nililiuliza maisha yangu yote, na sikuwahi kuulizwa.

"Nani alimufunga macho?"

Sauti ya redio ilikuwa imeshafika kooni mwangu, Kiswahili cha kitabu, pumzi ndogo kabla ya jina. Niliiachia ipite. Nilikuwa barabarani na viatu miguuni.

"Ni minye, mama," nikasema. "Ni minye njo nilimufunga."

"Mukono gani?"

Ulikuwa umeshainuka kabla hajamaliza kuuliza. Mama Véronique aliushika mkono wangu wa kuume, akaufungua, akapitisha kidole chake kwenye vidole vyangu kimoja baada ya kingine, polepole. Kisha aliingia ndani. Nikasikia redio inazimwa. Alirudi amevaa kitambaa cheusi, kiti chake cha plastiki kichwani, fimbo mkononi, akanipita, akaenda kubisha nyumba inayofuata.

"Célestin alikufa," aliwaambia. "Zaina njo alimufunga macho. Mukono ya kuume. Minye niliushika."